Miguu Haina Mdomo

Machimboni, Geita
6 Julai 2025

Dada Nadine,

Salaam. Mimi ni Hamis wa Kibondo, yule niliyekuwa nakaa chumba kimoja na mdogo wako Manirambona huku machimboni. Tulionana mara moja Kasulu, Krismasi ya mwaka juzi. Ulitupikia wali ukanicheka kwamba nakula kama watu wawili. Nimepiga simu yako mara tatu na kukata kabla hujapokea. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu ungeniuliza maswali, na mimi majibu sina.

Dada, duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia dhahabu, liliporomoka tarehe 24 Juni, saa nne asubuhi. Manirambona alikuwa chini pamoja na wenzake wawili. Mimi nilikuwa juu, zamu ya kuvuta kamba. Matimba ya katikati, zile nguzo za miti zinazozuia udongo, yalivunjika, udongo ukashuka wote kwa mpigo, na kamba ikabaki mikononi mwangu nyepesi. Tulichimba, dada. Usifikiri hatukuchimba. Siku ya kwanza tulisikia kama mtu anagonga, wengine wakasema ni mawe tu yanajipanga. Siku ya pili hatukusikia kitu. Tukaendelea mpaka siku ya tisa, kisha maji yakaingia, na wakubwa wa hapa wakasema shimo lifungwe lisije likaua na wengine.

Hatujamtoa hata mmoja. Kwa hiyo sitaki kukudanganya. Sikuiona maiti yake, siwezi kukuandikia kwamba amekufa. Sikumwona akitoka, siwezi kukuandikia kwamba yu hai. Wazee wa kazi wanasema huko chini kuna njia za zamani zinazotokea maduara mengine. Mimi sijui.

Nimempa kondakta wa basi la Kasulu begi la mdogo wako. Mna nguo zake, redio, na kitenge kipya alichomnunulia mama yenu wiki moja kabla. Alikuwa anamwonyesha kila mtu hapa. Alisema, "Mama akikivaa hiki atasahau miaka sita yote."

Nisamehe kwa kuwa nilishika kamba tu.

Hamis


Kasulu
13 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua masikio yako yameikataa simu, unasema inakupigia kelele za nyuki, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza. Hapa mjini tuko salama. Bi Mwanahawa anakusalimu sana, duka lake la vitenge bado linanipa kazi na bado ananigombeza nikikata kitambaa kikapinda. Goti lako likoje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umempa tena Tunu wa jirani?

Manirambona amekununulia kitenge. Kimeletwa na basi kutoka machimboni, nami nakutumia hivyo hivyo kilivyokunjwa. Alikichagua mwenyewe. Habari nyingine ndefu za kwake sina, unamjua mwanao, si mtu wa maneno mengi.

Jitunze, mama.

Mwanao,
Nadine


Kumsenga, Kibondo
24 Julai 2025

Mwanangu Nadine,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja, kitenge nimekisoma mara kumi.

Tangu aondoke, miaka sita sasa, mdogo wako hajaniletea hata chumvi. Watu wa hapa walishanishauri nimhesabu miongoni mwa waliopotea, nikawaambia ninyi hamkumzaa. Leo kitenge! Na si cha kubahatisha, ni cha njano chenye majani ya kijani, yaani alisimama dukani akaniwaza. Nimelia mpaka Tunu akaja mbio kuuliza nani kafa. Nikamwambia, dada, hajafa mtu, amefufuka mtu. Gauni liko kwa fundi tayari.

Sasa nisikilize. Mwaka huu nilikuwa nimejiambia hija ya Nyarubingo itanipita. Goti limevimba kama kibuyu, kufika kisimani ni safari. Miaka ishirini na miwili nimeitembea njia ile bila kukosa, na kila mwaka nilikwenda kumwombea yeye. Mwaka wa kuomba nilikwenda, mwaka wa kushukuru nikae nyumbani? Haiwezekani. Nakuomba uwe miguu yangu.

Najua umekaa mjini umesahau, ngoja nikukumbushe. Si ile hija kubwa ya mabasi na vipaza sauti. Sisi hatufiki hata ishirini, njia yetu inakatiza mashambani, na wengi hawajui kwamba ipo. Mnaondoka kanisani Busunzu tarehe 13 Agosti alfajiri, mnafika kilimani siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Hupandi gari wala pikipiki. Ukimtembelea mtu mwingine, yaani ukitembea kwa niaba yake, jina lako unaliacha Busunzu. Utaitwa kwa jina langu, Rosa, mpaka mwisho, na ukiulizwa jambo utajibu kama Rosa. Lako mwenyewe huombi, hata kama linakuchoma. Miguu haina mdomo. Ndivyo tulivyoikuta, na katekista Makarius hataki mchezo na hilo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yangu. Nimeishona kwa uzi, usiifungue. Kule juu kuna vikapu viwili, kimoja cha walio hai, kimoja cha marehemu ambao majina yao husomwa Novemba nzima. Yangu uiweke kwa walio hai. Nimeandika jina la mdogo wako na neno moja tu, asante.

Usiniambie Bi Mwanahawa hatakupa ruhusa. Yule mama anaijua nadhiri kuliko Wakristo wengi.

Mama yako,
Rosa


Kasulu
29 Julai 2025

Mdogo wangu Hamis,

Begi lilifika. Sikukujibu kwa sababu sikujua niandike nini, na bado sijui, ila sasa nimebanwa.

Kitenge nilimpelekea mama. Nilifikiri akipata kitu kilichotoka mikononi mwa mwanawe atafurahi siku mbili tatu, na mimi nitapata nafasi ya kujua la kusema. Badala yake ananituma hija kwenda kushukuru kwamba Manirambona ni mzima. Ameliandika jina lake, ameshona karatasi, ninayo hapa chini ya mto.

Nimemwambia Bi Mwanahawa, tajiri wangu. Aliacha kila kitu akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akanikalisha kwenye majora ya vitambaa. "Mwanangu," akasema, "mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda Kumsenga ukamwambie mama yako." Nikamwuliza, nimwambieje? Amekufa? Wewe, Hamis, uliyekuwa pale hukuweza kuliandika hilo. Yu hai? Bi Mwanahawa akaniambia kwao Waislamu kuna sala ya kumsalia marehemu asiyekuwapo, lakini hata hiyo husaliwa baada ya kujua.

Naomba unitafutie neno moja la uhakika, lolote. Ulisema kuna njia za zamani. Je, kuna aliyewahi kutokea huko?

Dada yako,
Nadine


Geita
7 Agosti 2025

Dada Nadine,

Nimeuliza kila ninayemjua. Wapo wanaosema zamani mtu alitokea duara jingine baada ya siku nne. Ukiwauliza jina la mtu huyo, hawana.

Shimo limefukiwa na kuzungushiwa miba. Ndugu za wale wengine wawili wamefika. Mama wa mmoja alichota udongo pale juu, akaufunga kwenye shuka, akasema anaenda kumzika kwao. Baba wa yule wa pili alikataa hata kiti. Alisema, "Mwanangu yuko njiani, mnanikalisha wa nini?" akapanda gari akaondoka. Niliwatazama wote wawili, nikaona wote wana haki, na wote wamekosea.

Mimi kazi hii nimeiacha. Nachoma mihogo hapa stendi. Kamba siwezi kuishika tena.

Neno la uhakika sina, dada. Ningekuwa nalo ningekupa.

Hamis


Busunzu
12 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefika Busunzu, kesho alfajiri tunaondoka. Najua ulinitazamia nipitie Kumsenga kwanza ili unibariki, lakini basi lilichelewa na nisingewahi kurudi. Nibariki kutoka hapo ulipo. Karatasi yako ninayo kifuani.

Nampa barua hii Saady, huyu wa pikipiki anayetubebea unga na masufuria. Anasema nyumbani kwake na kwako ni kutupiana jiwe, na kwamba kila akishusha mizigo yetu anarudi Kumsenga.

Nadine


Kumsenga
13 Agosti 2025

Rosa mwenzangu,

Maana sasa ndilo jina lako! Nami nimebaki sina jina, nimekaa tu na goti langu.

Basi lilichelewa, eti. Saady anasema lilifika saa saba mchana na wewe ulikaa kwenye ukuta wa kanisa mpaka jioni ukitazama barabara ya Kibondo. Nadine, mimi ni kiziwi, si mjinga. Hukutaka kuniona.

Nimekaa nikafikiri, na nimejua sababu. Una wivu, na una haki. Miaka sita ni wewe uliyeniletea sabuni, sukari, dawa ya goti, blanketi. Sikuwahi kukutembelea hata hatua moja ya kukushukuru. Yule mpotevu analeta kitenge kimoja, nami nakutembeza siku tatu juani kwa ajili yake! Ningekuwa wewe ningemtupia mama huyo karatasi yake. Mtoto aliyepo huzoeleka, asiyekuwapo ndiye anayekula moyo. Ni ubaya wetu sisi akina mama. Nisamehe, mwanangu. Mwakani, goti likiniruhusu, nitakwenda kwa ajili yako na wewe utakaa nyumbani unywe uji.

Sasa furahi kidogo. Tunu ana mtoto wa dada yake, Claudine, mshonaji, binti mtulivu. Nimeshazungumza na mama yake. Nimemwambia kijana wangu anakuja Krismasi, wasimtoe binti kwa mtu mwingine. Umwandikie Manirambona ajiandae. Wewe unajua kumpata, mimi sijui.

Kunywa maji mengi. Siku ya pili ndiyo mbaya.

Mama yako


Njiani, siku ya pili
14 Agosti 2025

Mama,

Saady amenipa barua yako nikiwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni. Si wivu, mama. Nakuapia kwa karatasi hii niliyoibeba, si wivu. Hata ungenitembeza mpaka Tabora kwa ajili ya Manirambona nisingeona wivu. Kwa nini sikuja nitakuambia, lakini si leo. Leo mimi ni miguu, na wewe ndiye uliyenikumbusha kanuni.

Njia ni ile uliyokuwa unatusimulia, ila mengine ulituficha. Hukusema kwamba vumbi la Agosti linaingia mpaka ndani ya ugali. Tuko kumi na wanne. Katekista Makarius yuko mbele na msalaba mdogo, rozari ikiisha watu wananyamaza, unasikia ndala tu. Tunapita muhogo ulioanikwa juu ya mawe, tunapita nyasi zilizoungua, tunalala kwenye madarasa. Jana kwenye msitu wa mizinga nyuki walitukasirikia, tukakimbia wote, na aliyekuwa mbele kabisa ni katekista na msalaba wake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaona haya kwamba nimecheka.

Kila mtu ananiita Rosa. Siku ya kwanza nilikuwa sigeuki, sasa nageuka. "Rosa, goti?" Najibu linauma, na kweli limeanza kuuma. Esteri wa Titye, anayemtembelea mume wake, amenilazimisha aninyooshe na kuniosha miguu. Nilipokataa akasema, "Unakataa nini? Si yako hii."

Kila kijiji kuna mtu anayekujua. Leo mama mmoja alisikia wakiniita kwa jina lako, akatoka shambani na jembe begani, akanishika mikono yote miwili. "Rosa, yule kijana wako wa machimboni hajambo?" Wenzangu walikuwa wananitazama. Nikajibu kama ambavyo ungejibu wewe. Nikasema, ego, ndiyo, hajambo, amenitumia kitenge cha njano. Akapiga vigelegele palepale, peke yake katikati ya shamba. Nikaendelea kutembea na vigelegele vyake mgongoni, mama, na njia nzima sikuweza kumsikiliza mtu.

Nakuomba jambo moja. Mwambie mama yake Claudine asiharakishe. Mtu wa machimboni ratiba yake haijulikani.

Rosa wako


Nyarubingo
15 Agosti 2025

Mama,

Kaa chini kabla hujaendelea. Mwite Tunu akae karibu nawe.

Nimefika. Sikupanda chombo chochote hata hatua moja. Jana jioni nilimfuata katekista Makarius nikamwuliza kama kule juu hakuna kikapu cha tatu. Akauliza cha nani. Nikasema cha mtu asiyejulikana alipo. "Mama Rosa," akasema, "vikapu nasuka mimi mwenyewe, na miaka yote nimesuka viwili." Nilimwona anataka kunisaidia na hana namna.

Leo aliita "Rosa wa Kumsenga", nikasimama. Vikapu viko pamoja, hatua moja tu kati ya kimoja na kingine. Niliiweka karatasi yako kwa walio hai. Nataka ujue kwamba hapo sikukudanganya. Siku tatu nilikuwa wewe. Nikiulizwa mwanangu nasema hajambo, nimesema hajambo mara nyingi mno, na leo asubuhi wakati tunapanda nilijikuta nawaza atavaa nini Krismasi akija kumwona Claudine. Wewe una mwana aliye hai. Kwa hiyo mkono wako ukaenda huko.

Kisha Makarius akaniwekea kiganja kichwani akasema, "Nadine, umerudi, asante." Hapo nikapata mdomo. Na Nadine anajua jambo ambalo Rosa halijui.

Mama, duara alilokuwa akichimba Manirambona liliporomoka tarehe 24 Juni. Alikuwa chini. Walichimba siku tisa hawakumpata, wala yeye wala wenzake. Shimo limefukiwa. Hamis, rafiki yake, alikuwa juu na ndiye aliyeniandikia. Barua zake zote mbili ziko ndani ya bahasha hii, zisome mwenyewe, mimi sina cha kuongeza.

Kitenge alikununulia kweli. Alikichagua kweli. Hakuna neno la uongo katika barua niliyokutumia pamoja nacho, na ndiyo maana ni uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema. Nilitaka ufurahi kidogo. Sikujua utashukuru. Ulipoanza kushukuru sikujua nikusimamishe vipi, kwa sababu hata leo siwezi kukuambia amekufa, na siwezi kukuambia hajafa. Ndiyo sababu sikupitia Kumsenga. Nilikaa kwenye ukuta ule nikitazama barabara, nikajua ukiniona uso tu utanisoma.

Nilikubali kuja huku kwa sababu nilifikiri siku tatu nitaweza angalau kumwombea. Halafu nikatembea njia nzima nikiwa nimefungwa mdomo, nimekubeba wewe na furaha yako. Sasa naweza kuomba na sijui niombe nini. Nimepiga magoti hapa tangu Misa iishe. Nikisema apumzike, naona nimemfukia. Nikisema mrudishe, naona aibu.

Kesho nitakuwa Kasulu kwa Bi Mwanahawa. Nitasubiri uniambie nije au nisije.

Nadine


Kumsenga
19 Agosti 2025

Nadine,

Nimesoma. Tunu alikuwa karibu kama ulivyotaka. Alinishika, lakini sikuanguka, nilibaki nimekaa tu nikamwomba anipe maji.

Nilitaka kukukasirikia, na nimekukasirikia. Ndiyo maana umengoja siku zote hizi. Nilimwambia Saady asije kuuliza kama kuna barua.

Sikiliza kinachonitesa. Tangu kitenge kifike, kila asubuhi kabla ya uji nimeshukuru. Nimevaa gauni kanisani Jumapili mbili, nikatembea polepole mpaka benchi la mbele ili watu wanione. Sasa asante zile nitazifanya nini? Mtu aliyeomba anaweza kubadilisha, akasema sasa Mungu wangu naomba hiki badala ya kile. Asante ikishatoka haina pa kurudi. Nilikuwa nashukuru na mwanangu yuko chini ya udongo. Hilo sijui namna ya kukusamehe, na si kwamba sitaki. Nimejaribu.

Kikapu uliweka vizuri. Ningekuwa mimi ningeweka palepale. Lakini Novemba watayasoma majina ya marehemu na lake halitakuwamo, na Krismasi watakuja vijana wa machimboni kwa mama zao na yeye hatakuwamo. Nimeuliza sana hapa nilipokaa, yuko wapi basi mtoto huyu? Hata mbuzi akipotea unajua umtafute upande gani.

Hamis mwambie asijilaumu. Mwambie siku akija Kibondo apitie kwangu ale. Nimeisoma habari ya yule mama aliyechota udongo na yule baba aliyesema mwanangu yuko njiani. Nimewaonea wivu wote wawili. Wao wamejua.

Mama yake Claudine alikuja mwenyewe. Alileta maharage, akaanza kunichambulia.

Habari imetoka, sijui kwa mdomo wa nani, Tunu anaapa si wake. Jana asubuhi watu walianza kuja na mikeka. Wanaume wamekaa nje kwenye kivuli cha nyumba, wanawake wamejaa humu ndani mpaka jikoni, wameleta mawese na unga. Wamekaa wananitazama. Unajua kwetu, kilio huanzishwa na mama, wengine hupokea. Wananingoja mimi. Mara mtu anaanza kuvuta pumzi ile ya kulia, namwangalia, anainyamazisha. Masikio yangu hayasikii vizuri, lakini hiyo naiona.

Leo ni siku ya pili. Hawawezi kulia na hawawezi kwenda kwao. Wanatoka kumwagilia mboga, wanarudi, wanakaa tena. Katekista wa hapa aliniuliza kwa kuniandikia kwenye daftari lake kama asome sala za marehemu au za mgonjwa. Nikamrudishia daftari.

Nikianza kulia, nimemzika kwa mdomo wangu. Nikiwaambia waondoke, wataondoka, na nyumba itabaki na mimi peke yangu na sitajua kama ni nyumba ya msiba. Nimekaa katikati yao tangu jana, mwanangu, na sina hata moja ninaloweza kulifanya.

Njoo. Panda basi la kwanza. Usilete kitu, na usiogope nitakavyokutazama. Njoo ukae nami hapa mkekani, angalau tuwe wawili tusiojua, maana peke yangu watu hawa wamenishinda.

Mama yako,
Rosa